SOMO: WAKIKUULIZA KUHUSU MAADILI YA SHIRIKA, UTAJIBU NINI?



Karibu kila tangazo la kazi linalobandikwa ubaoni kwenye ofisi za mashirika lina mstari unaotaja maadili ya msingi ya shirika. Wengine huyaita tunu za msingi. Wengi wetu tunaupita mstari huo haraka, maana macho yanatafuta kiwango cha elimu na tarehe ya mwisho ya kupeleka barua. Lakini ndani ya chumba cha usaili mstari ule unarudi. Anayesaili anauliza: "Umesoma maadili ya shirika letu? Ni lipi linalokugusa zaidi, na umeliishi namna gani?"

Hapo ndipo watu wengi wenye uwezo hukwama. Mmoja anayataja maneno yote kwa mpangilio, kama mtoto anayesoma jedwali la kuzidisha, kisha ananyamaza. Mwingine anasema tu, "Mimi ni mtu mwaminifu sana." Wote wawili hawajajibu swali.

Somo hili ni kwa ajili ya kila anayeomba kazi: mhudumu wa afya wa jamii, mkalimani, mwalimu msaidizi, mhamasishaji wa usafi, mgawaji wa chakula, mlinzi au karani. Lisomeni nyumbani au katika kikundi cha vijana.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo msomaji aweze:
(a) kueleza maadili ya shirika kwa maneno yake mwenyewe;
(b) kutoa mfano wa kweli kutoka maisha yake;
(c) kujibu maswali magumu bila kudanganya na bila kuogopa.

1. MAADILI YA MSINGI NI NINI?

Kazi ya shirika ni kile linachofanya: kuchimba visima, kufundisha, kutibu. Maadili ni jinsi lilivyoahidi kuifanya kazi hiyo, hata pale ambapo hakuna anayeona. Mashirika mawili yanaweza kugawa mbegu zilezile, lakini ahadi zao zikatofautiana. Kwa hiyo jibu moja halifai kila mahali.

World Vision, kwa mfano, ni shirika la Kikristo na linalisema hilo waziwazi katika maadili yake, pamoja na kujitoa kwa maskini, kuthamini watu, na kuwa wasimamizi wema wa mali waliyokabidhiwa. Shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, JRS, lililoanzishwa mwaka 1980 na Padri Pedro Arrupe, linaeleza wito wake kwa maneno matatu: kusindikiza, kuhudumia na kutetea. Madaktari Wasio na Mipaka, walioanza mwaka 1971, wanasisitiza kutopendelea na kutoegemea upande wowote katika vita. Umoja wa Mataifa kwa miaka mingi ulitaja uadilifu, weledi na kuheshimu tofauti za watu. Mwaka 2021 ulitoa mpangilio mpya wenye maneno manne: ujumuishi, uadilifu, unyenyekevu na utu.

Jambo la kwanza la kujifunza ni hili: tafuta maadili ya shirika lile unaloliomba kazi. Yasome kwenye tangazo, kwenye kibao cha ofisi, au muulize mtu anayefanya kazi hapo. Usibebe majibu ya shirika lingine.

2. MANENO MANNE UTAKAYOKUTANA NAYO MARA NYINGI

Mwezi wa Juni mwaka 1859 kulikuwa na vita kali mahali paitwapo Solferino, kaskazini mwa Italia. Mfanyabiashara wa Uswisi, Henri Dunant, alipita huko akakuta maelfu ya majeruhi wasio na wa kuwatazama. Wanawake wa mji wa jirani wa Castiglione waliwahudumia askari wa pande zote mbili bila kuuliza huyu ni wa jeshi gani. Kutokana na mambo aliyoyaona pale Dunant aliandika kitabu, na mwaka 1863 ikaanza kazi iliyokuja kuitwa Msalaba Mwekundu. Mwaka 1965, katika mkutano wa Vienna, Msalaba Mwekundu ulitangaza kanuni zake saba. Nne kati ya hizo zimeenea katika mashirika mengi ya misaada:

Utu: kila anayeteseka asaidiwe, na heshima yake ilindwe.
Kutopendelea: msaada ufuate shida ya mtu, si kabila, dini, chama wala ujamaa. Mwenye shida kubwa zaidi atangulie.
Kutoegemea upande: shirika lisiwe upande wa mmoja wa wanaopigana.
Uhuru: shirika lisitumwe na serikali au kundi kwa malengo yao ya siasa.

Angalia kwamba kutopendelea na kutoegemea upande ni maneno mawili tofauti. La kwanza linahusu watu unaowahudumia. La pili linahusu vita na siasa. Anayetofautisha haya mawili katika usaili anaonyesha kwamba amesoma na kuelewa.

3. KWA NINI WANAULIZA?

Kazi katika shirika huweka kitu mkononi mwako: kalamu, funguo za stoo, orodha ya majina, siri za wagonjwa. Sisi tunaoishi hapa tunajua uzito wa vitu hivyo. Jina likikosekana kwenye orodha, nyumba nzima inalala njaa. Neno la mgonjwa likitoka kliniki, linafika bombani kabla ya jua kuzama.

Mashirika nayo yamejifunza kwa uchungu. Mwaka 2002 ilitolewa taarifa kuhusu kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone. Ilieleza madai kwamba watu waliotumwa kusaidia, baadhi yao wafanyakazi wa mashirika, walikuwa wakiwadai wasichana wakimbizi ngono ili wawape chakula na huduma. Mwaka uliofuata, Oktoba 2003, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alitoa amri kali ambayo mashirika mengi yameifuata katika kanuni zao. Huko Uganda, mwaka 2018, baada ya madai kwamba idadi ya wakimbizi imeongezwa kwa majina hewa, serikali na HCR walihakiki upya wakimbizi kwa alama za vidole na mboni za macho.

Kwa hiyo anayesaili hataki kujua kama unajua maneno mazuri. Anataka kujua utafanya nini siku ambayo shemeji yako atasimama mbele ya meza yako akiomba uandike jina lisilostahili. Kisha hata wewe ujiulize swali hilohilo kabla ya kuomba kazi. Kama huwezi kumkatalia shemeji, kazi hiyo itakuletea aibu, na itawaumiza jirani zako.

4. JIBU LENYE UZITO NI TUKIO MOJA LA KWELI

Jibu zuri lina sehemu nne: hali ilikuwaje, wajibu wako ulikuwa upi, wewe ulifanya nini, na matokeo yalikuwa nini. Kwa dakika mbili linatosha.

Wengi watasema, "Lakini mimi sijawahi kuajiriwa." Hilo lisikuzuie. Je, umewahi kuwa mweka hazina wa kikundi cha akiba? Mwangalizi wa bomba la maji? Mwalimu wa watoto kanisani? Kiongozi wa kwaya aliyetunza michango ya sare? Mkalimani wa jirani aliyeugua? Umeishi maadili hayo tayari, ila hukuyaita kwa jina.

Tuseme mama mmoja anasailiwa kwa kazi ya ukarani, anaulizwa kuhusu uadilifu. Jibu dhaifu ni hili:

"Uadilifu ni kitu muhimu sana. Mimi nimekulia katika familia ya kumcha Mungu, sipendi wizi hata kidogo. Mkinipa kazi hamtajuta."

Hakuna ubaya katika maneno hayo, ila hata mwizi anaweza kuyasema. Sasa tulisikie jibu la pili:

"Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha akiba, tuko akina mama 20. Siku moja shemeji wa mume wangu alikuja nyumbani jioni kwa niaba ya mke wake, ambaye ni mwanachama. Aliomba niandike kwamba mkewe amelipa wiki hiyo, fedha ataleta baadaye. Wajibu wangu ulikuwa kuandika kile kilichoingia tu. Nilimwambia, 'Shemeji, daftari hili si langu, ni la akina mama wote. Nitaandika hajalipa, na mkutanoni nitawaomba wampe wiki moja zaidi.' Alikasirika, alikaa muda mrefu bila kutusalimu. Mkutano ulikubali, mkewe akalipa. Tulipogawana mwisho wa mwaka, hesabu ililingana na daftari, hakuna aliyelalamika."

Tazama jibu hili lilivyo. Lina tendo, na lina gharama: shemeji alikasirika. Tena huyu mama hakukataa tu, alitafuta njia ya halali ya kumsaidia. Anayesaili akisikia hivyo, haitaji kuambiwa kwamba mama huyu ni mwadilifu.

Mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, sema "nilifanya", si "tulifanya" kila mara, maana wanataka kujua sehemu yako. Pili, usitaje majina ya watu katika tukio lako. Ukitaja, umeonyesha kwamba hutunzi siri. Tatu, tukio liwe la kweli. Wasaili huuliza zaidi: "Kisha akasema nini? Daftari lilikaguliwa na nani?" Hadithi ya kutunga huvunjika kwenye swali la tatu. Wadhamini uliowataja nao huulizwa.

5. SISI TULIOSIMAMA KWENYE FOLENI

Mkimbizi ana elimu moja ambayo haipatikani chuoni. Ameyajua maadili haya kutoka upande wa anayepokea. Anajua tofauti ya karani aliyemwita kwa jina lake na yule aliyemwita kwa namba. Ukiulizwa kuhusu utu au heshima, unaweza kusema hivi kwa kweli: "Nimesimama kwenye foleni ya mgao nikiwa na mtoto mgongoni. Najua kwamba mtu akielezwa kwa nini anasubiri, anasubiri kwa amani. Kwa hiyo nikipewa kazi hii, nitaanza kila siku kwa kuwaeleza watu kinachoendelea." Jibu la namna hii halitoki kitabuni.

Lakini tuwe na kiasi. Hulazimiki kusimulia mambo yote ya vita na yaliyokupata njiani. Usaili si mahali pa kufungua vidonda ili uhurumiwe. Wala si mahali pa kulishtaki shirika lililochelewesha mgao wako. Chukua fundisho ulilolipata, liunganishe na kazi unayoomba, uishie hapo.

6. IMANI YETU NA KUTOPENDELEA

Hapa Wakristo wengi huuliza: nitaje imani yangu au niifiche? Inategemea shirika, lakini kuficha si lazima na kuhubiri si mahali pake. Kwenye shirika la Kikristo wanaweza kukuuliza waziwazi kuhusu imani yako, ujibu waziwazi. Kwenye shirika lisilo la dini unaweza kusema kwa kifupi kwamba imani yako ndiyo iliyokufundisha kumhudumia kila mtu, kisha urudi kwenye kazi.

Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika mengine yalikubaliana juu ya kanuni kumi za mwenendo katika kazi ya misaada. Mojawapo ni kwamba msaada usitumike kueneza msimamo wa siasa au wa dini. Yaani sabuni isiwe chambo. Atakayesema katika usaili, "Nitawapa kwanza wale wa kanisa letu," hata kama anaona ni sifa, ameshindwa. Tena ameenda kinyume na mfano wa Msamaria katika Injili ya Luka. Yule majeruhi wa njia ya Yeriko hakuulizwa kabila wala mahali anapoabudia. Aliyemsaidia alikuwa mtu wa jamii iliyodharauliwa, na hakumdai chochote.

Swali zito kuliko yote huenda likaja hivi: "Tukikupanga kuhudumia watu wa kabila lililowafukuza ninyi kwenu, utaweza?" Usikimbilie kusema, "Hilo si tatizo kabisa." Anayesaili hataamini, na pengine hata wewe huamini. Unaweza kujibu hivi:

"Mheshimiwa, sitasema kwamba halitanigusa. Nimepoteza watu. Lakini mtoto mwenye utapiamlo hakufukuza mtu. Nitafuata orodha na vipimo vilevile kwa wote. Na kama siku moja nitaona moyo wangu unanizuia kutenda haki, nitamwambia msimamizi wangu kabla sijaigusa kazi ya mtu huyo."

Jibu hili halionyeshi mtu asiye na kidonda. Linaonyesha mtu anayejua kidonda chake na hatakiachia kalamu. Ndugu wapendwa, tulijadili jambo hili nyumbani, kwa upole, hata kama hakuna anayeomba kazi. Watoto wetu wanasikiliza.

Kanuni hiyohiyo inahusu jamaa na marafiki. Ukikuta jina la dada yako kwenye orodha unayoishughulikia, usilisogeze mbele, wala usiliondoe kwa kuogopa maneno ya watu. Mwambie msimamizi, mwenzako alishughulikie. Kutangaza ujamaa mapema ni uadilifu. Kuuficha, hata kama hukuiba kitu, kunazaa mashaka.

7. MASWALI MENGINE YA KUJIANDAA

"Ukisikia mfanyakazi mwenzako anamdai msichana ngono ili ampe kadi au kazi, utafanya nini?" Swali hili huulizwa mara nyingi sana. Amri ya mwaka 2003 inasema mambo haya: ni marufuku kutoa fedha, kazi, bidhaa au huduma kwa ajili ya ngono, ni marufuku kuwa na uhusiano wa kingono na aliye chini ya miaka 18, bila kujali umri wa ridhaa uliowekwa na sheria ya mahali, na mfanyakazi mwenye mashaka analazimika kutoa taarifa, awe mhusika ni wa shirika lake au la jingine. Kwa hiyo jibu ni kwamba utatoa taarifa kwa njia iliyowekwa na shirika, mara moja, na utatunza siri ya msichana. Usiseme utafanya upelelezi mwenyewe. Usiseme utawaita wazee wa pande mbili wapatane na kumaliza kwa faini. Hilo si suala la kupatanishwa.

"Mkimbizi uliyemsaidia akikuletea kuku wa shukrani, utampokea?" Katika desturi zetu kukataa zawadi ni kama tusi, na anayesaili anajua. Jibu kwamba utamshukuru kwa heshima, utamweleza kwamba huduma haina malipo, na utamjulisha msimamizi. Onyesha kwamba unaweza kukataa kuku bila kumkataa mwenye kuku.

"Ukitofautiana na mkuu wako?" Sema kwamba utaongea naye faraghani kwanza, kwa heshima. Lakini kama jambo linawadhuru watu, utafuata njia ya malalamiko ya shirika.

8. NAWE PIA ULIZA

Mwisho wa usaili husemwa, "Una swali lolote?" Usiseme huna. Uliza: "Mfanyakazi akiona kosa, shirika linamlinda namna gani anapotoa taarifa?" Au: "Wakimbizi wanaohudumiwa wanatoa maoni yao kwa njia gani?" Maswali haya yanaonyesha kwamba maadili umeyachukua kwa uzito, na majibu yatakuonyesha kama shirika nalo limeyachukua hivyo.

Tena kumbuka: kazi haiuzwi. HCR na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa hayatozi ada yoyote katika hatua yoyote ya kuajiri. Mtu akikudai fedha ili jina lako lipite, au akidai mwili wako, amevunja maadili yote yaliyoandikwa kwenye kibao cha ofisi yake. Toa taarifa kwenye sanduku la malalamiko, kwa dawati la ulinzi, au kwa mtu mzima unayemwamini akusindikize. Wazazi, waambieni binti zenu jambo hili kabla hawajapeleka barua, si baada.

9. ZOEZI LA WIKI HII

Chukua daftari. Andika maadili matatu ya shirika unalotaka kuliomba kazi. Mbele ya kila moja andika tukio moja la kweli la maisha yako katika sentensi nne: hali, wajibu, tendo, matokeo. Andika kwanza kwa Kiswahili ili mawazo yakae sawa. Kisha, kama usaili utakuwa kwa Kiingereza au Kifaransa, mwombe mwalimu akusaidie kuyageuza. Mwisho, mtu wa nyumbani akuulize kwa sauti, nawe ujibu bila kutazama daftari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya kutopendelea na kutoegemea upande? Toeni mfano wa hapa tunapoishi.
2. Ni lipi gumu zaidi kwetu: kumkatalia ndugu, au kumhudumia adui? Kwa nini?
3. Mfanyakazi wa kanisa letu akiajiriwa kugawa vifaa, sisi washiriki tumsaidieje asishawishiwe kutupendelea?
4. Katika mwaka uliopita, ni nani kati yetu aliyetenda haki ikamgharimu? Mwacheni asimulie, hilo ndilo jibu lake la usaili.

Tunawatakia maandalizi mema wote walioitwa kwenye usaili. Na kwa wale watakaopata kazi: siku mtakaposhika kalamu, kumbukeni foleni. Mungu awabariki.